Yai Kwanza, Maziwa Mwisho

Jua likizama Garissa na joto likalegea kidogo, vigari vya mayai pasua hutoka barabarani kama vinavyotoka katika kila mji wa Kenya. Muuzaji anamenya yai lililochemshwa, analipasua katikati, analishindilia kachumbari na pilipili, kisha analikabidhi kwenye kipande cha karatasi. Anayelipokea huenda ni mwanafunzi wa chuo kikuu, dereva wa lori la mbuzi, au kijana wa Kisomali aliyezaliwa mjini. Hakuna anayegeuza shingo. Lakini babu yake kijana huyo, kama alikulia malishoni, kwake kuku na yai havikuwa chakula, kama vile kunguru si chakula kwa wengi wetu.

Ndiyo maana swali la kuacha mayai hubadilika sura likifika Garissa. Kwingineko, anayetaka kuwa mvegani, yaani mtu asiyekula nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali, hupigana na mazoea ya utotoni. Kaskazini Mashariki yai lenyewe ndilo mgeni, na mazoea ya utotoni ni maziwa. Wengi wanaoshika njia hiyo huanza kwa kuacha nyama, wakasogea polepole, na yai hubaki kwa muda mrefu kwa kuwa halionekani kumwaga damu. Mimi naona katika nchi ya ngamia foleni hiyo ipinduliwe: yai litangulie kutoka, na maziwa yawe ya mwisho kabisa, kama yatatoka. Sababu zangu si za huruma peke yake.

Tuanze na mwiko wa zamani, kwa sababu mara nyingi hutajwa kama ushahidi kwamba wafugaji walikuwa na hekima ya uvegani kabla ya Wazungu. Hawakuwa nayo. Mwanajiografia Mmarekani Frederick Simoons, katika kitabu chake Eat Not This Flesh cha 1961, alifuatilia miko ya nyama duniani, na sura ya kuku na mayai inapita katikati ya Pembe ya Afrika, kwa Wasomali na jirani zao. Kuku alionekana mchafu kwa kuwa hupekua jalala na kula chochote anachokikuta. Tena hahamii. Kambi inapong'olewa na mikeka ya nyumba kupakiwa juu ya ngamia kufuata mvua, kuku ni mzigo usio na maana. Kuku ni wa mtu mwenye shamba na mlango wa kufunga. Kando ya Mto Tana walikuwapo watu wa namna hiyo, Wapokomo, Wamalakote na Wamunyoyaya, wenye mihogo, migomba na nyavu za samaki. Sahani ya mfugaji ilikuwa pia mpaka: sisi hatuli ndege wala samaki, wale wanakula. Hapakuwa na chembe ya huruma hapo. Kuku hakuachwa kwa kuwa anaumia. Aliachwa kwa kuwa alidharauliwa. Ila nadhani, kama kuku angeulizwa, angesema dharau ile ilimfaa kuliko mapenzi anayopata leo.

Mwiko huo haukutoka msikitini pia. Katika Sahihi ya Bukhari kuna habari ya Abu Musa al-Ash'ari aliyeletewa nyama ya kuku, na mtu mmoja katika kikao akajitenga kwa kuwa alimwona kuku akila uchafu. Abu Musa alimwita aje ale, kwa kuwa yeye alimwona Mtume akila kuku. Yule mtu aliyejitenga angeelewana vizuri sana na wazee wa malishoni wa Wajir. Wanazuoni waliotaka kuondoa shaka walifuata njia rahisi: mnyama anayekula najisi hufungiwa kwa siku kadhaa, akalishwa chakula safi, ndipo akaliwa.

Habari ya pili inagusa moyo wa jambo letu zaidi. Katika Al-Adab al-Mufrad, kitabu kingine cha Bukhari, inasimuliwa kwamba katika safari mtu mmoja alichukua mayai ya ndege, na ndege yule akaja akipapatika juu ya kichwa cha Mtume. Mtume akauliza ni nani aliyemsumbua kwa kumtwalia mayai, kisha akaamuru yarudishwe, kwa kumhurumia. Kisa hicho hakiharamishi yai la kuku wa kufugwa, na hakuna mwanazuoni aliyedai hivyo. Lakini kinakubali kitu ambacho muuza mayai na mla mayai hawapendi kukifikiria, kwamba nyuma ya yai kuna mwenye yai.

Mvegani wa kwanza anayejulikana sana katika ulimwengu wa Kiislamu hakusubiri Chama cha Wavegani kilichoundwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake. Ni mshairi kipofu wa Syria, Abu al-Ala al-Ma'arri, aliyezaliwa 973 na kufa 1057, ambaye kwa miongo mingi alijinyima nyama, maziwa, mayai na asali, akisema mayai ni ya ndege na asali ni ya nyuki walioihangaikia. Alilaumiwa vikali na watu wa zama zake, na mwanazuoni mkubwa wa Kifatimi alimwandikia barua akitaka hoja zake. Lawama yenyewe ina mzizi: Sura ya Al-Maida inawaonya waumini wasijiharamishie vizuri walivyohalalishiwa. Kijana wa Garissa anayetaka kuacha mayai atakutana na aya hiyo siku ya kwanza, pengine kwa mjomba wake. Nafasi yake ni nyembamba lakini ipo. Kutokula si kuharamisha. Mtu anaruhusiwa kutokipenda kitu, au kukiacha kwa sababu zake, ilimradi asisimame akasema Mungu amekikataza. Tatizo la wavegani wengi, Waislamu na wasio Waislamu, ni kwamba sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wanayoipenda zaidi.

Sasa tumtazame kuku mwenyewe. Mengi ya mayai ya trei yanayouzwa Garissa hayatoki Garissa. Hupanda gari upande wa Thika, yakapita Mwingi na kuteremka nyika hadi daraja la Tana, safari ya zaidi ya kilomita 350 kutoka Nairobi. Aliyeyataga ni kuku wa kisasa wa mayai, aliyezalishwa kwa kazi hiyo moja: hutaga mayai karibu 300 kwa mwaka, ilhali kuku wa kienyeji anayejitafutia hutaga machache, akaatamia, akalea. Wengine wanafugwa sakafuni kwenye maranda, wengine kwenye vizimba vya waya vilivyopangwa ghorofa kwa ghorofa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vitupu vya namna hiyo kuanzia 2012. Kenya haijafanya hivyo, ingawa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ipo tangu miaka ya 1960. Kuku huyo akifika mwaka mmoja na nusu hivi, utagaji unapungua, naye huuzwa kwa nyama.

Halafu kuna kaka yake. Kila kifaranga jike wa kutaga ana mwenzake dume aliyetotolewa siku ileile, ambaye hatagi na hanenepi kama kuku wa nyama, kwa hiyo hana soko. Duniani inakadiriwa vifaranga madume bilioni 7 huuawa kila mwaka ndani ya saa chache baada ya kutoka kwenye ganda. Ujerumani ilikataza jambo hilo kuanzia Januari 1, 2022, na watotoleshaji wa huko wakalazimika kutambua jinsia ndani ya yai au kuwalea madume kwa hasara. Anayesema yai haliui mtu ana haki. Lakini nyuma ya kila trei kuna hesabu hiyo, na haionekani kwa kuwa hufanyika katika chumba ambamo mlaji haalikwi.

Joto la Garissa nalo halimtaki kuku huyu. Mchana wa digrii 36 au 37 ni wa kawaida, na kuku hana jasho. Hupumua kwa kutweta mdomo wazi. Akitweta hupoteza hewa ya kaboni katika damu, na bila hiyo mwili wake hupungukiwa na malighafi ya ganda. Matokeo yake ni mayai yenye ganda jembamba, kuku wasiokula, na siku ya jua kali banda zima linaweza kufa mchana mmoja. Wanaojaribu kufuga kuku wa kisasa mjini hulazimika kuinua paa, kufungua kuta, kumwagilia bati maji. Mimi nikiona mradi wa kuku elfu moja umezinduliwa kwa utepe na hotuba katika nchi hii ya jua, huwa nahesabu miezi.

Lakini hoja inayonishika zaidi iko kwenye gunia la chakula. Kuku wa kutaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, yaani zaidi ya kilo 40 kwa mwaka: mahindi, soya au mashudu ya alizeti, omena kutoka Ziwa Victoria, chokaa. Kwa kilo hizo 40 na ushei hurudisha kilo 17 hivi za mayai. Si biashara mbaya ukilinganisha na ng'ombe wa kunenepeshwa kwa nafaka. Tatizo ni kwamba karibu kila kilichomo ndani ya gunia lile, mahindi, soya, omena, mtoto wa Wajir angeweza kukila mwenyewe. Mbuzi wa Garissa, kwa upande wake, hula majani na maganda ya migunga, na ngamia hung'oa vichaka ambavyo hakuna jiko duniani linaloweza kuvipika. Katika ardhi inayopata milimita 300 za mvua kwa mwaka, na miaka mingine chini ya hapo, mnyama huyo hashindani na binadamu kwenye sahani. Anageuza miiba kuwa maziwa. Hoja ya wavegani wa nchi zenye mvua, kwamba ulaji wa wanyama unapoteza nafaka, ni hoja nzuri dhidi ya yai la trei na dhaifu kabisa dhidi ya kikombe cha maziwa ya ngamia.

Nisimpambe mfugaji. Maziwa yana damu yake. Desturi ya wafuga ngamia ni kumwachia ndama chuchu mbili na wao kukamua mbili, ambayo ni haki kuliko ile ya ng'ombe wa kisasa anayenyang'anywa ndama mapema. Lakini ndama akifa, ngozi yake huwekwa mbele ya mama ili aendelee kushusha maziwa. Madume huuzwa katika soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya makubwa zaidi Afrika Mashariki, na kupakiwa kwenye malori hadi Nairobi na Mombasa, wamesimama njia nzima kwenye jua. Na mifugo ikizidi malisho, ardhi inabaki kifua wazi. Mvegani akiyataja haya hasemi uongo. Tofauti yangu naye ni kwamba hana cha kuweka mahali pa ngamia. Kando ya Tana kuna ukanda wa mashamba ya embe, ndizi, tikiti na nyanya, wenye rutuba ya kupendeza, lakini ni utepe mwembamba katika kaunti yenye kilomita za mraba zaidi ya 40,000. Na utepe huo hufurika. El Niño ya mwisho wa 2023 na mvua za Aprili 2024 zilizamisha barabara kati ya Madogo na mjini Garissa; magari yalisimama, nyanya, mayai na unga vikakwama ng'ambo ya maji. Ngamia walikuwa upande wa huku.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Kaskazini Mashariki imekwisha kuujaribu uvegani, kwa mamia ya maelfu ya watu, bila hiari yao. Tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa 1991, mgao wa kawaida wa chakula kwa mkimbizi ulikuwa nafaka, kunde, mafuta ya kupikia na chumvi. Soma orodha hiyo tena: hakuna mnyama ndani yake. Na kwa miaka yote hiyo watu wa Ifo, Hagadera na Dagahaley waliuza sehemu ya mahindi yao, kwa bei ya kutupa, ili wapate maziwa ya chai na ya watoto. Mwishoni mwa miaka ya 2000 familia zenye watoto wenye utapiamlo zilipewa vocha za kununua mboga, matunda na mayai kwa sababu mgao mkavu haukutosha. Mwaka 2016 ukaja mpango wa Bamba Chakula, sehemu ya mgao ikapewa kwa simu ili mtu achague dukani. Maana ya kujinyima hubadilika kabisa pale ambapo jirani yako hana cha kujinyima. Ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini Kenya. Wafugaji wengi wa Wajir na Mandera walimaliza kipindi kile wakila wali mtupu au ugali na chai ya rangi. Kumwendea mtu huyo na hoja za maadili ya sahani kunahitaji ujasiri ambao mimi sina.

Na watoto? Hapa ndipo mjadala huwa mkali, na ndipo ushahidi unapopinda kuliko watu wanavyodhani. Yai lina gramu 6 za protini, vitamini B12, kolini, na halihitaji jiko la kifahari. Mwaka 2017 utafiti wa Ecuador, uliowapa watoto wa miezi sita hadi tisa yai moja kila siku kwa miezi sita, ulionyesha kudumaa kukipungua kwa asilimia 47, na dunia ya lishe ikashangilia. Utafiti wa aina ileile Malawi haukuona tofauti katika urefu wa watoto. Maelezo mojawapo ni kwamba watoto wa Malawi walikuwa tayari wanakula samaki. Na watafiti wa Ecuador walipowarudia watoto wao baada ya takriban miaka miwili, faida ya urefu ilikuwa imeyeyuka. Kwa hiyo yai si uchawi. Ni chakula cha mnyama kimoja kati ya vingi, na humfaa zaidi mtoto asiyepata kingine. Mtoto wa malishoni anayekunywa maziwa hana haja kubwa nalo. Mtoto wa bulla, yaani mtaa wa mjini, ambaye mbuzi wa baba yake walikufa na anakula uji wa maji na chapati, ana haja nalo sana. Kwake yeye sitatia neno la falsafa.

Chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kiliandika mwaka 2016 kwamba mlo wa kivegani uliopangwa vizuri unafaa umri wote. Maneno mawili, uliopangwa vizuri, yamebeba mzigo wa lori zima. B12 haipatikani kwenye mmea wowote kwa kiasi cha kutegemewa. Ni kidonge, au chakula kilichorutubishwa. Kenya inautaka unga wa viwandani wa mahindi na ngano urutubishwe tangu 2012, na B12 imo katika orodha, lakini unga wa kinu cha mtaani haumo katika mpango huo, na hata wa pakiti hautoshi kuwa tegemeo la mtu asiyegusa maziwa wala nyama. Mtu mzima anayeacha mayai tu, huku akinywa maziwa, hana la kuogopa. Anayeacha vyote anunue vidonge, asitegemee dua.

Kwa huyo wa kwanza, mjini Garissa kazi ni nyepesi ajabu. Chakula cha Kisomali kilikua bila yai, kwa hiyo kuliondoa ni kama kumuaga mgeni aliyekaa sana. Anjera ya kila asubuhi ni unga, maji na uchachu. Cambuulo, kunde nyekundu ndogo zinazochemshwa taratibu hadi zilainike, hutiwa mafuta ya simsim na sukari, na ukiyachagua mafuta hayo badala ya samli umepata mlo kamili wa kivegani ambao ayeyo, bibi yako, ataubariki bila kujua umefanya nini. Wali na ndizi, ndengu, maharagwe ya nazi yaliyopanda kutoka pwani, bajia za dengu, viazi karai. Yai linabisha hodi kwenye vitu vitamu na vya kisasa: malawah, chapati mayai, katlesi, na doolsho, ile keki ya sherehe. Kwenye malawah ndizi iliyoiva sana ya Tana, ikipondwa, hushikamanisha unga vizuri, ila utamu uongezwe kidogo tu. Katlesi huchovywa kwenye uji mzito wa unga wa dengu badala ya yai. Doolsho ni shughuli; siki na magadi huinua keki, lakini ule wepesi wa sponji haurudi, na anayekuambia umerudi hajala doolsho ya Idi. Kikwazo chenyewe si jikoni. Ni sinia. Watu watano wanakula kutoka sinia moja, na anayechagua vipande katikati ya wenzake anahesabiwa mgonjwa au mwenye kiburi.

Limebaki jambo moja linaloniharibia hesabu, nami nitaliacha liniharibie. Ngamia na ng'ombe wa Kaskazini Mashariki ni mali ya wanaume kwa kawaida. Kuku, pale alipoingia, aliingia kwa mlango wa wanawake. Mama aliyehamia mjini baada ya ukame, hana malisho wala kisima, anaweza kufuga kuku sita wa kienyeji nyuma ya nyumba. Wanakunywa maji ya kikombe kimoja kimoja kwa siku, zaidi kidogo siku za joto. Wanakula makombo ya anjera, mchwa, mchele ulioanguka. Hawali omena wala mahindi ya kununua, hawajui kizimba, na majogoo wao hawauawi siku ya kwanza, huachwa wakue. Sababu zote nilizotoa dhidi ya yai la trei hazimgusi mama huyu, isipokuwa ile ya ndege aliyepapatika. Anayeacha mayai kwa ajili ya kuku wa vizimba angefaa ajue anaacha ya nani, kwa maana dukani yamewekwa pamoja, ya trei kwenye rafu na ya kienyeji kwenye bakuli kando ya mizani. Na mama mwenye kuku sita hayali. Anayauza kwa mwenye kigari cha kachumbari au kwa mwalimu kutoka bara, na pesa ikishaingia mkononi, anavuka barabara kwenda kwa wanawake wenye madumu ya njano kununua nusu lita ya maziwa ya ngamia.